Faili la Chumba Namba Tatu

Mwenye nyumba wetu alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja, na ingawa ofisi ilishamuaga zamani, yeye hajaiaga. Kila asubuhi anavaa shati la mikono mirefu, anachomeka kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, kisha anatembea hatua kumi na mbili kutoka kitandani hadi kwenye meza iliyo sebuleni mwake. Juu ya meza kuna muhuri na kidau cha wino. Nyuma yake kuna kabati la chuma ambalo ufunguo wake anautundika shingoni. Sisi wapangaji tunamwita Masjala. Anajua, na nadhani anaona ni cheo.

Mimi ni kinyozi, nimepanga chumba cha mbele kinachotazama barabara. Nyuma yangu ni ua, na ng'ambo ya ua ni chumba namba tatu, cha mama mmoja fundi cherehani. Masjala anakaa upande wa kulia. Nyumba ni yake na sheria ni zake, na sheria ya kwanza ni kwamba lalamiko la mdomo si lalamiko. Unaweza kumwendea kusema bomba limepasuka, maji yamekufika vifundoni, naye atakutazama kwa huruma na kukuuliza, "Umeandika?"

Ukiandika, anaipokea barua kwa mikono miwili. Anaigonga muhuri, IMEPOKELEWA, anaitia tarehe, anaipa namba kwa kalamu nyekundu, anaitoboa matundu mawili na kuipachika kwenye faili. Baada ya siku tatu unaletewa jibu kwa mwandiko mzuri ajabu: "Barua yako imepokelewa na suala lako linashughulikiwa." Basi. Hapo analala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake. Si mwizi, wala si mkatili. Mara nyingine natamani angekuwa mwizi, maana mwizi unajua pa kumshika. Huyu anaamini kwa moyo wote kwamba jambo likishaingia kwenye faili limekwisha.

Paa la chumba namba tatu lilianza kuvuja mwaka jana. Barua ya kwanza ya fundi ilikuwa ya adabu tupu, ya kuomba samahani kwa usumbufu. Ya nne haikuomba samahani. Ya tisa ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mzee, sasa nashona nimefungua mwavuli." Masjala aliigonga muhuri, akaipa namba tisa, akajibu kama alivyojibu zile nane. Fundi akanunua beseni, kisha akanunua la pili.

Halafu akapata kazi ya mashati meupe sitini ya wanafunzi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Akayashona, akayapiga pasi, akayapanga mezani, akatoka kununua vifungo. Mvua ikanyesha. Maji yalipita kwenye bati lililooza yakashuka na kutu yake yote juu ya mashati. Kumi na tisa yaliharibika, na muhula uliofuata shule ikampa kazi fundi mwingine. Siku ya mvua ile hakuandika barua. Alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja akalia, akasema mvua nyingine ikimkuta chini ya paa lile, atafunga kazi. Nilikasirika mpaka nikaweka wembe chini, nisije nikamkata mtu sikio. Kesho yake aliandika barua ya kumi na moja. Linashughulikiwa.

Mambo yalikuwa hapo wakati Masjala alipotangaza kwamba anauza nyumba. Mke wake alikuwa ameshatangulia kwa binti yao kulea wajukuu, na alikuwa amemwambia waziwazi, "Uza uje, au baki na kabati lako." Mzee alijaribu kubaki na kabati miezi mitano. Alikula mkate na chai asubuhi, mkate na chai jioni, shati likaanza kumpwaya, mwisho akasalimu amri.

Mnunuzi alipopatikana, Masjala alipanda ngazi na kopo la rangi, akalipaka doa la kahawia kwenye dari ya chumba namba tatu. Bati lililokuwa juu ya dari hakuligusa. Kisha akamgeukia fundi, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Fundi, mwanangu, kesho anakuja mtu kuangalia nyumba. Hayo mabeseni yafiche, na wewe mwenyewe unyamaze. Ukinyamaza, nitamwomba asikuhamishe."

"Na paa, mzee?"

"Linashughulikiwa."

Fundi akaanza kuyapanga mabeseni, moja ndani ya jingine. Wateja wake wote ni wa mtaa huu, angehamia wapi? "Nitanyamaza," akasema.

Mnunuzi alikuwa mama mwenye duka la dawa, mtu ambaye kazi yake ni kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa. Alikuja siku ya jua kali. Mimi nilishika ufagio nikawa nafagia ua uliokwisha kufagiliwa, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Aliingia chumba namba tatu, akatazama dari nyeupe, akamuuliza fundi, "Mama, chumba kinakufaa?"

"Nashukuru," fundi akajibu, akaendelea kushona. Sindano ilikuwa inapita mahali ambapo hapakuwa na kitambaa. Ahadi yake aliitimiza, na roho iliniuma kumwona.

Masjala alikuwa ameshinda. Mnunuzi alikuwa ametoka uani anasema nyumba imempendeza, kilichobaki ni kufunga mdomo tu. Lakini yule mama akauliza, kama mtu anayetafuta la kusema, "Na wapangaji hawakusumbui?"

"Kunisumbua?" Masjala akavuta pumzi, kifua kikajaa. "Hapa kwangu, mama, hakuna lalamiko lisilojibiwa. Hebu njoo uone."

Nilimwona akivua ufunguo shingoni na sikuamini. Alifungua kabati, akatoa faili la chumba namba tatu, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akamkabidhi yule mama kwa mikono miwili. Nilisogea na ufagio wangu mpaka mlangoni.

"Barua kumi na moja, majibu kumi na moja," alisema. "Kwa tarehe. Hata ofisi kubwa hawana mpangilio kama huu."

Yule mama alianza kusoma amesimama. Alipofika kwenye mwavuli akavuta kiti. Alisoma mpaka ya mwisho, ile ya mashati, akaisoma tena.

"Muhuri huu ni wako?"

"Wangu mwenyewe."

"Na saini?"

"Yangu," Masjala akatabasamu. Alidhani anasifiwa.

"Sasa niambie, mzee. Linashughulikiwa na nani?"

Miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Masjala akageuka kulitazama kabati, kana kwamba mhusika yumo humo ndani.

"Tengeneza paa," yule mama akasema, akamrudishia faili. "Ukimaliza, niandikie."

Fundi wa mabati alikuja Alhamisi saa mbili asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa anakusanya vifaa vyake. Mabati manne na misumari. Mwaka mzima wa barua, na kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Nilitaka kucheka, nikayakumbuka mashati nikashindwa. Jumamosi mvua ilinyesha, na fundi alikaa katikati ya chumba anatazama juu, mikono mapajani, hakuna tone lililodondoka.

Masjala akamwandikia mnunuzi barua ndefu, kurasa mbili, nakala moja akaiweka kwenye faili jipya. Akasubiri. Wiki ya kwanza alikuwa anapiga mluzi. Wiki ya tatu alikuwa anakuja kwangu kila asubuhi kuuliza kama kuna barua yake. Mke wake alikuwa amepiga simu mara mbili, na mara ya pili hakuuliza hata hali.

Jibu lilikuja wiki ya tano. Alilifungua hapo hapo kwenye kiti changu cha kunyolea, akalisoma, akaligeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akanipa. Kulikuwa na mstari mmoja: "Barua yako imepokelewa na suala lako linashughulikiwa."

"Hii maana yake nini?" akaniuliza. Nikamwambia mimi ni mtu wa nywele, amuulize anayejua. Akavuka ua na karatasi yake mkononi, akasimama kwenye mlango wa chumba namba tatu.

"Fundi, mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa ya chini sana. "Wewe umewahi kupata barua kama hizi. Ulikuwa unaelewa nini?"

Fundi hakusimamisha cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akamtazama.

"Nilielewa ninunue beseni, mzee."