Mchumba wangu amenitoa timu ya taifa bila kuniuliza

Admin, nifichie jina kwa nguvu zako zote, maana mama mkwe mtarajiwa yumo humu na anakoment kuliko wote. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nane, Mzanzibari, niko Landani na wazazi wangu tangu nasoma. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nikitoka shifti nakimbilia badminton.

Nacheza kwenye ukumbi mmoja kule Rayners Lane, na kina mama wa Kihindi waliokulia Mombasa na Kampala. Ukikosea wanakupigia kelele kwa Kiswahili: "Miguu, mwanangu, miguu!" Wao ndio walionifundisha mpaka mwaka jana nilipokwenda nyumbani likizo nikajaribu bahati yangu kwenye majaribio ya timu ya taifa. Nikachaguliwa. Mwaka huu tunakwenda mashindano ya kimataifa ya timu za wanawake. Mchumba wangu alifurahi kuliko mimi, mpaka jezi aliivaa yeye kwanza, ikambana kifuani.

Tatizo likaja kwenye tarehe. Mashindano yameangukia wiki yangu ya kuwekwa ndani. Kwa wasiojua, kwetu bwana harusi anasubiri na bibi harusi anafichwa: unakaa chumbani, somo wako, yaani kungwi, anakusinga mwili kwa singo ya liwa na maua, unafukizwa udi, hutoki mpaka harusi. Mimi singo naipenda, tena sana. Nikaomba tu niwekwe ndani wiki moja mapema, kisha nikacheze, nirudi siku mbili kabla ya nikaha nipakwe hina. Nikaona nimetumia akili.

Familia zikakutana kwenye mkahawa mmoja Edgware Road. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Toka lini mwali akatoka? Jamaa zetu wa Maskati wameshakata tiketi, waje waambiwe bibi harusi kenda kurukaruka? Na hilo jua likuunguze!"

"Mama, badminton tunachezea ndani. Jua halifiki hata kidogo. Na mimi navaa suruali ndefu na mtandio."

Shangazi yangu alicheka akajifanya anakohoa. Mama mkwe hakucheka. Akamgeukia mwanawe: "Na wewe wasemaje?" Mchumba wangu, mwanamume wa miaka thelathini na mbili mwenye ndevu zake, akatazama simu. "Anavyosema Mama." Nilitamani kumwagia chai.

Nikayaacha hapo kwa heshima ya wazazi, nikijua mimi naye tutayazungumza. Kumbe mwenzangu alishamaliza mazungumzo. Juzi kapteni wetu kanipigia kutoka Dar.

"Mdogo wangu, kweli umejitoa? Mchumba wako kamwandikia kochi, anasema familia imeamua."

Nilikaa chini kwenye ngazi za stesheni, watu wananiruka. Timu yetu tuko wanne tu. Kila tukikutana na nchi nyingine kuna mechi mbili za wawiliwawili, na mchezaji mmoja haruhusiwi kucheza zote mbili. Wakibaki watatu, mechi moja inakwenda bure. Wale wasichana wameacha watoto, wameomba ruhusa makazini, wengine wamegombana na mabosi. Halafu mimi nionekane nimewatupa kwa ajili ya singo!

Nikamwambia kapteni niko, sijajitoa na sijitoi. Kisha nikampigia kikulacho kilicho nguoni mwangu.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema. "Nilijua utashindwa kumkatalia kochi."

"Nani kakwambia nilitaka kumkatalia?"

"Fahamu basi, Mama ana presha."

"Na mimi sina?"

Akasema kama nitapanda ndege, nisimhesabu tena kuwa mchumba wangu. Mama yangu analia tangu siku hiyo, ananiuliza atauweka wapi uso wake. Namwonea huruma mama yangu. Lakini sikuvunja mila mimi. Mila inasema nifichwe, haisemi mtu aandike kwa niaba yangu maneno ambayo sikuyatamka. Leo kamwandikia kochi, kesho ataandika kazini kwangu kwamba nimeacha kazi, na mimi niambiwe jioni mezani.

Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Usiku nikishika simu kidole kinakwenda kwenye jina lake chenyewe.

Sasa ndugu zangu, tusipotezeane wakati. Msinishauri kama niende au nisiende, begi liko mlangoni na kwenda nakwenda. Ninachotaka kwenu ni hili moja: pete yake nimrudishie mkononi kabla sijaondoka, au niiache kidoleni, nikacheze nayo mbele ya dunia, halafu aje kuivua mwenyewe kama ana ubavu?