Mdoriani wa Mzee Suhail

Pikipiki ya kukodi ilimzimikia dereva mara ya tatu kabla ya kufika kijijini Ole, na Bi Mwanakhamis akaona hiyo ni dalili njema: shamba la babu lilitaka lifikiwe kwa miguu, kwa heshima. Akashuka, akamwachia dereva aisukume nyuma yao, akalikumbatia kopo lake la biskuti, akamgeukia mgeni aliyekaa nyuma yake.

"Haya mwanangu, tembea. Hapa pote unapopaona petu."

Mgeni alikuwa mwandishi wa safari aliyepanga chumba kwake Chokocho, na Ole hakuwahi kufika. Bi Mwanakhamis alimchukua kwa sababu moja tu: anajua Kiarabu.

Ndani ya kopo ulikuwamo wasia wa mwaka 1927 wa Mzee Suhail, babu wa mamake. Kwa miaka thelathini Bi Mwanakhamis aliusoma katika kila hitima ya ukoo, akivuta sauti pale pa kuvutwa, na watu wakaitikia amin. Herufi alizijua tangu chuo cha Kurani. Maana ya Kiarabu chenyewe hakuna aliyeiuliza. Ilijulikana tu kwamba shamba ni lao. Sasa Mjaka, anayeishi hapo, alitaka kuukata mdoriani wa Mzee Suhail ajenge duka, na Bi Mwanakhamis amekuja kumtoa, yeye na duka lake.

Walimkuta amekaa chini ya mti, pembeni yake msumeno wa mashine wa kuazima.

"Karibu, Bi Mwanakhamis. Umekuja na kopo? Mimi chai ninayo."

"Chai utakunywa njiani ukihama. Soma, mwanangu."

Mgeni akasoma, kisha akafasiri polepole. Ardhi ni ya Vuai bin Kificho, aliyemruhusu Suhail apande mti mmoja.

"Vuai babu yangu!" Mjaka akaruka. "Ardhi yetu! Haya, itikieni: amin!"

Bi Mwanakhamis masikio yalimwaka moto. Hitima ngapi zile? Harusi ya bintiye Laila je, aliposimama akawasomea hata wakwe? Ukoo mzima umeitikia amin shamba la watu!

"Bado mstari," mgeni akasema. "Mdoriani ulio nyuma ya kisima ni wakfu kwa kizazi cha binti yangu Tatu. Usiuzwe wala usikatwe mpaka uanguke wenyewe."

"Tatu ni bibi yangu," akasema Bi Mwanakhamis. "Rudia hapo kwenye kukatwa."

Mgeni akarudia. Mjaka akaunyoshea mti kidole.

"Lakini yakhe, mti umesimama kwangu!"

"Na mie sijasema nauhamisha. Ardhi yako, mti wangu. Lijenge duka lako kwengine."

Akaokota doriani lililoanguka, akalifunga nyuma ya pikipiki, pale alipokuwa amekaa mgeni. Harufu ilimfanya dereva ageuze uso. Pikipiki, safari hii, ikawaka mara moja.

"Na mimi?" mgeni akauliza.

"Wewe kaa hapa mpaka msumeno urudi kwa mwenyewe. Ila usikae chini ya mti wangu; haumchagui wa kumwangushia."

Akaondoka, akipanga atakavyowaambia ndugu zake kwamba shamba limenywea likawa mti mmoja. Kabla ya kona alisikia sauti ya Mjaka nyuma yake, imejaa unyenyekevu:

"Hebu soma tena, bwana. Pengine umeruka mstari."