Kikapu Chenye Jani la Mgomba

Ukindu ukilowa maji ya samaki hutoa harufu ya nyasi na shombo. Leo nimeinusa sokoni, nikajiona mtoto tena, nimejificha nyuma ya bibi yangu kwa aibu.

Siku hiyo wanawake wote walibeba mifuko ya rambo, ile ya plastiki, myeusi, inayong'aa. Bibi peke yake alikuja na kikapu alichosuka mwenyewe, ndani katandika jani la mgomba. Muuzaji alikwishatia kambale wetu kwenye rambo.

"Watoe," bibi alisema.

"Bi mkubwa, mambo ya kizamani hayo!"

Watu wakacheka. Nikamvuta khanga. "Bibi, tuchukue tu."

Hakunitazama. Alimimina kambale kikapuni, akamrudishia muuzaji rambo lake likichuruzika. "Uchafu wako baki nao. Mie nimekuja kununua samaki."

Leo mifuko ya rambo imeshapigwa marufuku. Muuzaji wa leo ameangaza huku na huku, kisha akachomoa rambo chini ya meza. "Chukua fasta, dada. Hakuna anayeona."

Nimemsogezea kikapu. Jani la mgomba nimelitandika mwenyewe.

"Mie naona," nimemwambia. "Mimina humu."