Fagio Alivyolisafisha Shamba la Mafuriko

Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, tunamwita Fagio. Jina hilo nilimpa mimi na silifuti. Mtu gani anafagia hata njia ya mbuzi? Ukiinuka tu kwenye kigoda chake, anakipangusa kabla hujafika mlangoni.

Basi mto ukafurika. Mahindi yake yote yakalala chini, yakafunikwa matope na mchanga, na yangu vilevile maana tumepakana. Serikali ikatangaza kwamba itawalipa wakulima waliopata hasara, ila lazima kwanza bwana shamba apite aone kwa macho yake. Fagio alizitegemea pesa hizo kwa mbegu. Ghalani kwake hapakuwa na hata punje.

Mimi nilikaa nikangoja. Yeye kusikia mgeni wa serikali anakuja, huyoo, jembe begani! Akang'oa mahindi yaliyooza, akazoa mchanga kwa karai, akasawazisha shamba mpaka likawa kama kitanda kilichotandikwa.

"Wifi, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mgeni akute uchafu? Watu watasemaje?"

"Watasema mafuriko!"

"Kaa na matope yako wewe."

Bwana shamba akaja. Kwangu alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Kwa Fagio akasimama mpakani ameduwaa.

"Mama, mafuriko yalipita hapa kweli?"

"Yalipita, baba. Kung'uta viatu kwanza, nimeshafagia."

Maskini, akakung'uta. Halafu akairudisha kalamu mfukoni. "Mama, siwezi kuandika hasara nisiyoiona. Hili shamba linangoja mbegu tu."

Nikamwona wifi yangu midomo inamcheza. Namtania tangu siku aliyoolewa, lakini kumwona analia mbele ya watu, hapana, hilo siwezi. Nikamshika bwana shamba mkono.

"Huyu hajui kutupa kitu ovyo. Njoo nyuma ya jiko."

Huko nyuma, mahindi yaliyooza yamefungwa kamba mafungu mafungu, mizizi yote upande mmoja, matope yameigandia. Pembeni kuna mlima wa mchanga, juu umenyooshwa kama umepigwa pasi. Bwana shamba alicheka mpaka akashika mbavu. Akayakwangua matope ya mizizi, akayalinganisha na ya kwangu, akaridhika.

"Haya, turudishe mafungu machache shambani nipige picha."

"Nirudishe uchafu shambani? Thubutu!"

"Fagio!" nikapiga kelele. "Mbegu!"

"Mbegu nazitaka. Uchafu siutaki. Apige picha hapa hapa."

Watu husema mimi ni mbishi. Hawajakutana na huyu. Bwana shamba akasalimu amri, akampiga picha pale pale, kasimama wima katikati ya mafungu kama bibi harusi. Kalamu ikatoka tena mfukoni.

Pesa zake ziliingia kwenye simu siku moja na zangu. Nilikuwa nakanda unga, nikamsikia anakuja anapiga vigelegele, simu kaiinua juu.

"Wifi! Mbegu hizo! Kesho twende dukani!"

Mimi kusoma kwangu ni kwa kuparamia, lakini tarakimu hazinipigi chenga. Nikanyoosha mkono niione.

Akairudisha simu nyuma ya mgongo. "Na unga huo mkononi? Kanawe kwanza!"

Nikaenda nikanawa.