Nani Ataamia Uwele

Simu ya mama ilikuwa fupi: uwele umeanza kukaza punje, njoo tuamie ndege, tuwafukuze shambani. Nilikuwa likizo na nilikuwa nimepania kulala. Nikaenda kijijini kwetu Mungaa huku nikinung'unika.

Kaka yangu, ambaye ndiye anayelima na mama, alikuwa amekwisha kupanda alizeti karibu shamba lote. Kilichobaki ni kipande cha uwele nyuma ya nyumba, na hicho nacho alikitaka. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu: alizeti ina soko, na watoto waliokuwa wakishinda wakifukuza ndege siku hizi wako shule. Unga tutanunua, alisema. Mama akamjibu kwamba ndege wakiumaliza uwele mwaka huu, kipande ni chake. Wasipoumaliza, asikitaje tena. Mimi nilikuwa upande wa mama. Chakula cha nyumba kinachotegemea bei ya mtu mwingine hakinipi usingizi. Ila kusema kweli, upande huo nilikuwa nao nikiwa mjini, ambako ni rahisi.

Asubuhi tulipanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti katikati ya uwele, na kamba za makopo zimetandazwa kila upande. Kwelea walipotua, nikavuta kamba na kupiga kelele: "Ondokeni! Tokeni hapo!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Unawafukuza au unawapigia hodi? Ndege wa huku hawajui Kiswahili."

Nikajaribu Kinyaturu. Maneno yalikuja nusunusu, lakini wakaruka, nami nikafurahi kama mtoto.

Mchana lilishuka kundi kubwa. Nilikuwa nimeshuka kunywa maji. Mama akasimama juu ya dungu, akapaza ile sauti ambayo utotoni niliisikia kutoka ng'ambo ya korongo. Safari hii haikufika hata mwisho wa shamba. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Ndege waliendelea kula. Akapaza tena, wakaendelea kula. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliniita.

Aliyekuja mbio ni kaka, kutoka kwenye alizeti yake, akigonga debe na kufoka kwa Kinyaturu maneno ambayo siyaandiki hapa. Tulihangaika wote watatu mpaka jua likapoa. Zaidi ya nusu ya uwele ilipona. Kwa mapatano yao, hadi hapo mama alikuwa ameshinda.

Jioni tulikula ugali wa uwele wa mwaka jana. Katikati ya chakula mama akamwambia kaka, "Kipande chukua. Panda alizeti yako."

Kaka alikuwa akilingoja neno hilo miaka yote. Akaacha kula. "Lakini mama, hawakuumaliza."

"Ndiyo. Uwele haukushindwa. Nimeshindwa mimi."

Nikadakia: "Mwakani nitakuja tena kuamia."

"Utakuja, mwanangu," alisema, bila hasira. "Na mwaka utakaofuata?"

Nilifungua kinywa nijibu. Nikaikumbuka kazi yangu, nikawakumbuka wanangu ambao unga wanaujua wa dukani tu. Kaka alikuwa akinitazama, naye anangoja jibu. Nikamega tonge.