Rede Kwenye Foleni ya Sabuni

Taka za mkonge zina harufu chachu inayokaa puani siku nzima, na kwetu Pongwe ndiyo ilikuwa harufu ya asubuhi. Miaka ile ya shida tulifulia majani ya mpapai. Zikivuma habari kwamba duka la ushirika litapata sabuni, mama zetu walipanga mawe kwenye foleni, kila jiwe na mwenyewe, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Wasichana tuliachwa kuyalinda, na kulinda mawe maana yake ilikuwa kucheza rede. Wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Mpira wetu ulikuwa wa matambara na nyuzi za katani, na ukikupata mgongoni unaukumbuka mpaka usiku.

Mlinzi halisi wa mawe nilikuwa mimi peke yangu. Mguu wangu wa kushoto ulisinyaa nilipougua nikiwa mchanga, na mama, aliyeukanda kwa mafuta ya nazi kila jioni, alinikataza kuruka. Nilimwona mkorofi. Basi nikakaa kando nikisoma mchezo: mchanga mkavu wa juu ndio unaoteremka haraka, na anayetaka kukwepa hutazama bega la mrushaji, si mpira. Nyuma ya jiko letu nilijizoeza kwa siri, nikiruka kwa mguu ule ule mbovu mpaka ukatetemeka.

Siku moja timu ikapungukiwa mtu, nikaingia bila kuombwa. Mrushaji alikuwa Mwanaidi, jirani yetu, mwenye mkono mzito kuliko wote. Alinitupia mpira taratibu, kama anayemrushia mtoto anayejifunza kutembea. Nilikwepa, na machozi ya hasira yakanilenga. Nilipoinua macho nikamwona mama amesimama penye jiwe letu, kikapu mkononi. Nikajua nimekwisha. Mama akautazama mguu wangu, akautazama mpira.

"Mwanaidi," akasema, "mtupie kama unavyowatupia wenzake."

Mwanaidi akatupa kwelikweli. Niliinama, nikaruka, nikachota. Mpira ukapita sikioni ukivuma. Mguu uliuma, nao ukanibeba. Chupa ilipofurika niliinyanyua juu kwa mikono miwili, na wasichana wakanibeba kuzunguka foleni nzima ya mawe. Sabuni haikuja siku ile. Mama alicheka njia nzima.

Leo maduka ya Tanga yana sabuni za kila rangi, na mjukuu wangu anapelekwa kwa gari kufanya mazoezi kwenye chumba chenye mashine. Simlaumu. Ila Jumapili iliyopita nilimpa chupa tupu, nikamsimamisha uani penye mchanga. Mama yake akaniambia nirushe polepole, mtoto ataumia. Mguu wangu bado mwembamba, lakini nilijikita juu yake, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Mtoto akakwepa.