Zawadi ya Masikio ya Bwana Shamba

Kwa kufuma, kijiji hiki kizima cha ujamaa hakuna anayenifikia, na majivuno hayo ndiyo yameniponza. Bwana Shamba tuliyeletewa kutoka Tanga amepangishwa kwetu, na baridi ya Mbinga inamtetemesha mpaka huruma. Juzi nikaona sweta kuukuu limetupwa kwenye kichanja cha kahawa. Nikajua ni la mume wangu. Nikalifumua lote, nikafuma ukanda mzito wa kufunika masikio, nikamvika mgeni mbele ya majirani.

“Asante, Bibi! Masikio yamepona. Hata rangi ni ya sweta langu.”

“Lipi, baba?”

“Si lile nililoanika pale kichanjani? Sina jingine.”

Majirani wote wakaligeukia donge la uzi lililobaki mapajani mwangu.